Mabao Sita ya Ngulyati

Wanakwaya wenzangu, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mama Neema anajua habari za basi, sauti ya tatu wanajua habari za ngoma, na mwalimu wa kwaya anajua tu kwamba nilikosa mazoezi mara mbili. Sasa naandika yote, msome na kupeana, na mkimaliza mniache nishone sare zenu kwa amani.

Nilikwenda Bariadi kwa ajili ya baba. Mzee Shija mnamjua. Hakuna aliyewahi kuja kupimwa gauni barazani kwangu asisimuliwe jinsi baba yake, Babu Masunga, alivyocheza mechi ya kwanza kabisa ya mpira kule kwetu Ngulyati. Walicheza wanakijiji na watu wa kinu cha pamba, na babu akafunga mabao matatu. Ukimwambia baba kwamba mpira wa nchi hii ulianzia Pwani, ukaja na makarani na askari wa Wazungu, habishi. Anasema mwanzo wa Pwani ni wa watu wa Pwani. Kwetu ulianza siku ile, kwa mabao yale matatu.

Juni hii tulipokuwa na msiba wa shangazi, alikuja baba mdogo Nkwabi kutoka Ngulyati. Yeye na baba ni watoto wa ndugu wawili. Baba akaanza hadithi yake mbele ya waombolezaji, na baba mdogo, huku anajipakulia wali, akasema, "Kaka, acha hizo. Baba yako alifungwa sita bila."

Watu walicheka. Baba naye alicheka. Lakini tangu siku ile hakuwasha tena redio kusikiliza mpira, yeye ambaye Jumapili humtoi kwenye redio hata kwa kuku wa nazi. Ukapita mwezi. Siku moja akaja akasimama karibu na cherehani yangu.

"Limi, miguu yangu haifiki tena kule. Nenda ukaniulizie. Kama baba alinidanganya, niambie hivyo hivyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mzee wa miaka themanini na kitu, halafu anataka kujua kama baba yake alikuwa mwongo. Nilimwonea huruma mpaka sindano ikanichoma. Nikafunga cherehani.

Morogoro hadi Shinyanga

Kipande hiki sitakisema sana, maana nusu yake nililala. Niseme tu habari ya Singida. Dereva alitangaza dakika kumi za chakula. Mimi nimesikia sifa za kuku wa Singida tangu utoto, kwa hiyo nikaagiza. Kuku akachukua dakika tisa kufika, na honi ikalia nikiwa nimepuliza paja mara moja tu. Nilipanda basi na paja mkononi, mafuta yakinichuruzikia hadi kwenye kiwiko, na jirani yangu wa kiti, kaka mmoja mwenye suti, akajibana dirishani kama mtu aliyepakiwa na mzigo wa samaki. Baada ya Nzega akaniuliza kwa upole kama ninauza.

Dereva alisimama tena porini tuchimbe dawa, na hapo ndipo watu walianza kuzungumza. Ajabu ya safari ndefu ni hiyo, hamjuani mpaka mwende vichakani pamoja. Shinyanga nilishuka, nikalala, nikaamkia gari la Bariadi.

Shinyanga hadi Bariadi

Kabla ya Maswa tairi lilipasuka. Tulishuka wote, tukakaa kando ya barabara tukitazama mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, na utingo akagundua kwamba tairi la akiba nalo ni la kuulizwa hali. Tulikaa zaidi ya saa mbili.

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alifungua mfuko, akanipa vipande vikavu vyeupe. Nikaona ni ukarimu, nikashukuru, nikatia kimoja mdomoni nikauma. Wallahi kidogo niache jino. Yule mama aliduwaa, kisha akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Mayu! Hiyo michembe inapikwa! Nimekupa ukapike huko unakokwenda!"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Baba alikuwa anaimba sifa zake kila siku, lakini hakuwahi kusema kwamba kwanza vinachemshwa. Habari ikapita kwa abiria wote, na nilipoulizwa kwetu ni wapi nikasema Ngulyati, kicheko kikaanza upya. Msukuma gani anakula michembe mibichi? Nikajitetea kwamba nimezaliwa Morogoro, baba alikuwa fundi wa reli. Wakanisamehe, ila hadi Bariadi waliniita Mayu Michembe, yaani Mama Michembe.

Bariadi nilifika mchana, nikaingia mgahawani kwa mwenye duka mmoja karibu na stendi, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe na chai nzuri sana ya tangawizi. Nilipomwambia nimekuja kuuliza mpira ulianzaje huku, aliweka birika chini. Mpira, alisema, uliletwa na babu yake mwenyewe kutoka Tabora, pamoja na bidhaa za duka. Mteja wa meza ya pili akakataa, akasema uliletwa na walimu wa misheni. Wa meza ya tatu akasema wote hawajui kitu, ulianza kijijini kwa mjomba wake, mpira wenyewe ukiwa wa matambara. Niliwaacha wakibishana. Nikaanza kupata wasiwasi. Kumbe kila ukoo mpira ulianzia kwao, na baba yangu ni mmoja tu katika wengi.

Bariadi hadi Dutwa

Gari la kwenda Ngulyati lilijaa, likaondoka, likafika Dutwa, likazima. Dereva akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga tena taratibu. Akasema anakwenda kutafuta kifaa. Alichukua baiskeli ya mtu na kupotea.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na uwanja na vumbi lilikuwa linapanda. Nilikuwa na abiria mwenzangu, Mzee Maduhu, mfanyabiashara wa kuku, mtu mfupi mwenye kofia kubwa. Akaniambia wakulima wamemaliza kuvuna, kuna vikundi viwili vya ngoma vinashindana. Twende tukaone, gari likipona litatuita.

Vikundi vilikuwa vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja kila upande wa uwanja. Kilichokuwa karibu nasi kilicheza na majembe. Vijana kumi na zaidi wanalirusha jembe juu kwa pamoja, linazunguka hewani, wanalidaka kwa mgongo bila kutazama, na ngoma haikosi hata pigo moja. Mimi ni mtu wa nguo, niliangalia mishono ya njuga zao miguuni, imara kweli. Wa upande wa pili walikuwa na nyoka. Mimi na nyoka hatujafikia makubaliano, nikabaki kwenye majembe. Lakini jua lilikuwa linanichoma usoni, na upande wa nyoka kulikuwa na kivuli cha ukuta wa ghala la pamba. Baada ya nusu saa nikahamia huko, nikasimama mbali na nyoka.

Mzee Maduhu alinifuata amekasirika kweli.

"Mayu, umefanya nini sasa?"

"Nimefuata kivuli."

"Kivuli! Wewe umehama, wale kinamama watatu wamekufuata, na wengine wamewafuata wao. Unawapa hawa ushindi bure! Hawa hawajui kucheza, wana nyoka tu!"

Nikamwuliza kwani waamuzi wako wapi. Akanitazama kama nimeuma mchembe mwingine.

"Waamuzi ni hii miguu yako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Rudi."

Nilirudi juani. Kinamama watatu wakarudi nyuma yangu, na Mzee Maduhu akatulia, akaninunulia karanga. Nilicheka peke yangu, nikaona ni vituko vya safari, nikasahau.

Dutwa hadi Ngulyati

Dereva hakurudi, nikachukua bodaboda. Nilifika kwa baba mdogo Nkwabi jioni jua likiwa bado lipo, nimepauka vumbi mpaka kope. Mkewe alinipokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo", maji ya kuoga na maziwa mgando, na kabla sijakaa vizuri kukaja ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Nikala kimya kimya, nikala tena. Nikatoa michembe yangu, na mkewe akaipokea jikoni bila kuuliza kwa nini kimoja kina alama za meno.

Baba mdogo hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angekuwa mtu wa majivuno ningempinga. Asubuhi alinipeleka uwanjani, eneo la wazi karibu na shule, magoli ya miti, akanisimulia kwa kirefu. Karani mmoja wa kinu alileta mpira wa ngozi. Ulipopasuka, wanakijiji waliujaza pamba na kuushona kwa uzi wa katani, ukawa mzito, na ukilowa na mvua hauinuki. Ndipo karani akataka mechi. Watu wa kinu upande huu, watu wa jembe upande ule. Ndugu wawili walijikuta wanapambana: Masunga, babu yangu, kwa wakulima, na mdogo wake Gamaya, aliyekuwa mbeba marobota kinuni, kwa timu ya karani. Huyo Gamaya ndiye baba yake Nkwabi.

"Baba yangu alifunga mawili, la kwanza na la sita. Karani aliandika kwenye daftari."

"Na Babu Masunga?"

"Babu yako alikuwa kipa, mwanangu."

Kipa! Hata mchezaji wa mbele hakuwa. Mabao matatu ya baba, yale ambayo nimeyasikia tangu nikiwa na miaka minne, ambayo mimi mwenyewe nimewasimulia wanangu, hayakuwepo. Nilisimama kati ya miti miwili ya goli nikifikiria sura ya baba, nikatamani gari lililoharibika Dutwa lingeharibika Morogoro.

Baba mdogo aliniona. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilitania tu pale msibani. Sikujua kaka ataumia." Kisha akasema kama nataka kusikia kwa mtu aliyeona kwa macho, amebaki mmoja. Bibi Kwandu, ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa kinu. Siku hizi amechukuliwa na mjukuu wake, mfanyakazi wa ofisi za wilaya kule Lagangabilili.

Ngulyati hadi Lagangabilili

Nilirudi Bariadi na kuunganisha gari lingine. Njiani nilikuwa na jirani anayependa kuongea, nami sikumjibu vizuri, Mungu anisamehe. Nilikuwa natunga. Nilijaribu kumtungia baba maneno ambayo yangekuwa kweli nusu, kisha nakumbuka ile chupa na mafuta yake, nayafuta.

Nyumba ya mjukuu ilikuwa mpya, ina marumaru mpaka barazani. Bibi Kwandu alikuwa amekaa nje chini kwenye mkeka, anabambua karanga, kwa sababu marumaru, kama alivyoniambia baadaye, ni sakafu ya kuvunjia watu viuno. Nilimsogelea nikanyoosha mkono nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii. Akaendelea na karanga. Mke wa mjukuu wake akanionyesha magoti kwa jicho, ndipo nikaelewa. Nikapiga goti chini, nikamsalimu Kisukuma, "Mwadila, mayu."

"Mwadila. Wewe ng'wana wa nani?"

"Wa Shija. Shija wa Masunga, wa Ngulyati."

Mikono ikasimama. "Masunga wa majembe?"

Sikujua babu alikuwa wa majembe wala wa nini. Akanisogezea ungo nami nianze kubambua, nikaona nimepokelewa. Nikamwambia nina swali moja tu. Siku ile ya mpira, nani alishinda?

"Masunga," alisema, bila hata kuinua kichwa.

"Lakini bibi, alifungwa sita."

"Alifungwa, ndiyo. Sita, saba, nani alihesabu? Karani peke yake ndiye alikuwa anahesabu."

Nikadhani uzee umemchanganya. Yeye akadhani mimi ndiye mzito. Akaweka karanga chini, akaniuliza taratibu kama anafundisha mtoto, "Ngoma mbili zikicheza, nani mshindi?"

Nikauona uwanja wa Dutwa, na kofia ya Mzee Maduhu.

"Mwenye watu," nikasema.

"Haya. Sasa unaniuliza nini?"

Kisha akanisimulia, na mimi nilisahau kubambua. Karani aliwafundisha wachezaji sheria, lakini watazamaji hakuna aliyewaambia kitu. Watu walikuja kama wanavyokwenda kwenye ngoma, wakajigawa pande mbili, wajue nani atavuta watu. Babu alikuwa mchezaji hodari wa ngoma ya majembe. Jembe lolote hewani alikuwa analidaka hata amefumba macho.

"Ila ule mpira hakuuweza. Jembe linakuja na ngoma yake. Mpira ulikuwa unakuja kimya."

Bao la kwanza lilipopita, babu alikwenda kuuokota, na badala ya kuurudisha, akaurusha juu kama jembe, akageuka, akaudaka kwa mgongo, akacheza nao hatua tano. Watu wakapiga vigelegele. Bao la pili akafanya zaidi. Watu wa upande wa kinu wakaanza kuhama mmoja mmoja.

"Hata mimi. Nilikuwa mtoto, nimekaa upande wa baba yangu. Nikamwacha nikakimbia kwa Masunga. Baba alinifinya sikio jioni ile, lakini nilikuwa nimeshaona."

Mapumziko yakaja, timu zikabadilishana magoli. Na hapo, alisema bibi, uwanja mzima uliinuka. Wanaume, akina mama na watoto mgongoni, wote wakavuka katikati ya uwanja wakimfuata babu hadi goli la pili, wakaketi nyuma yake. Goli la kinu likabaki na kipa wao na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba.

"Sasa tukawa tunawaombea wale wa kinu wafunge. Wafunge, ili Masunga acheze!"

Filimbi ilipolia, karani na watu wake wakashangilia sita zao. Wakulima wakambeba babu mabegani kwa sababu ya watu wao. Wakala ng'ombe mmoja pamoja, wakaimba, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila upande uliwaona wenzao kama watu wema sana, waliokubali kushindwa kwa furaha.

Nililia, wanakwaya. Nililia na maganda ya karanga kwenye mapaja, na bibi akaniuliza kama nimefiwa.

"Hapana, bibi," nikasema, nikamshukuru Kisukuma. "Wabeja sana."

Lagangabilili hadi nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Gari moja lilichelewa, jingine lilibeba mbuzi. Singida sikushuka.

Baba nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, amevaa shati la kanisani na siku yenyewe Jumatano. Hakuniuliza habari za safari. Nikaanza na baya, kama alivyotaka.

"Ni kweli, baba. Sita bila. Na babu hakuwa mfungaji, alikuwa kipa."

Aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo alinidanganya."

"Subiri."

Nikamwambia yote, ya Dutwa na ya Bibi Kwandu, jembe na mpira, mbuzi wa kamba. Alinikatisha mara moja tu.

"Walipobadilisha magoli, watu walimfuata?"

"Wote, baba. Walivuka uwanja."

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Limi, baba hakuwahi kuniambia amefunga. Aliniambia maneno manne tu: 'Tuliwashinda. Watu walikuja kwetu.' Nilipohamia shule ya huku, nikawasimulia wenzangu. Wakaniuliza ngapi kwa ngapi. Sikujua. Nikasema tatu." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimesema tatu mpaka nikaamini. Nikakaa mwezi mzima namchukia marehemu kwa uongo wangu mimi."

Nilimshika bega.

Baadaye akaniambia nimpigie Nkwabi, nimwekee sauti ya nje.

"Nkwabi. Ni sita. Nakubali mbele ya mwanangu."

"Kaka, yale ya msibani nisamehe, ilikuwa utani tu."

"Ngoja. Nami nina swali. Baba yako Gamaya alipofunga lile la sita, watu walimshangilia nani?"

Kisha nikamsikia baba mdogo akicheka, polepole, kutoka mbali.

"Kaka, baba aliniambia alipofunga lile la sita hakuruka wala hakupiga kelele. Alikaa chini palepale mbele ya goli, amtazame kaka yake akicheza."

Baba alicheka hadi akakohoa. Halafu akaniambia niwashe redio.